Moto wa Mwilini Hauuzwi Dukani
Mazungumzo na walaji kuhusu umetaboli, chakula na mazoea ya kila siku



Lugha yetu ina neno moja linalobeba mambo mawili. Sheria na ofisi za umma zinapomtaja mtu anayenunua bidhaa au huduma, humwita mlaji. Nyumbani, mlaji ni yule aliyeketi mbele ya sahani. Leo tumeona vema tuzungumze na mlaji kwa maana zote mbili, kwa kuwa jambo tulilokuja nalo huanzia sokoni na kuishia mwilini. Jambo lenyewe ni umetaboli, na namna mazoea madogo ya kila siku yanavyoulinda au kuudhoofisha.

Tumelichagua kwa sababu. Masokoni, kwenye vituo vya mabasi, na zaidi katika simu zetu, zimezagaa chai, vidonge na unga unaodaiwa kuamsha umetaboli uliolala, kuyeyusha tumbo kwa siku saba, au kusafisha sukari mwilini. Bei yake si bei ya fungu la mchicha. Wapo wanaozinunua kwa fedha iliyotengwa kwa ada ya mtoto. Wapo pia wanaozinunua kisha wakaacha dawa za kisukari au za shinikizo la damu walizoandikiwa na daktari. Hasara ya kwanza ni ya mfuko. Ya pili yaweza kuwa ya uhai.

Umetaboli ni nini?

Umetaboli ni jumla ya kazi zote ambazo chembe hai za mwili huzifanya ili kugeuza chakula kuwa nguvu, kujenga na kukarabati viungo, na kuandaa mabaki yatolewe nje. Kazi hizo hazina likizo. Mtu alalapo fofofo, moyo wake unapiga, mapafu yanavuta hewa, ini linapanga akiba ya sukari, figo zinachuja damu, na ubongo uko kazini. Shughuli hiyo ya kimyakimya ndiyo inayokula sehemu kubwa ya nguvu zetu: kwa watu wazima wengi ni takriban asilimia 60 hadi 70 ya nguvu zote zinazotumika kwa siku. Kusaga chakula na kukihifadhi huchukua kama asilimia 10. Inayobaki ndiyo tunayoitumia kutembea, kulima, kufua na kubeba mizigo.

Hesabu hiyo inatufundisha jambo la kwanza. Anayedai kuwa bidhaa yake itaongeza maradufu kasi ya umetaboli, anadai kuuchezea moyo, ini, figo na ubongo. Iko kemikali ya viwandani iitwayo dinitrofenoli ambayo kweli huupandisha moto huo. Katika miaka ya 1930 watu waliimeza ili wapungue. Wengine walipatwa na joto kali la mwili lisilozuilika, wakafa. Mwaka 1938 mamlaka za Marekani zilitangaza kuwa ni hatari mno isifae kutumiwa na binadamu, lakini hata katika zama zetu wapo wanaoiuza kupitia intaneti. Moto ukizidi hauivishi chungu, huunguza nyumba.

Jambo la pili lahusu umri. Tumezoea kusikia kuwa mtu akitimiza miaka 35 au 40 umetaboli wake hulala, na kwamba ndiyo maana kiuno kinaongezeka. Mwaka 2021 jarida la Science lilichapisha utafiti uliokusanya vipimo vya watu zaidi ya 6,400 kutoka nchi 29, kuanzia watoto wachanga hadi wazee wa miaka 95. Ilionekana kuwa, ukizingatia ukubwa wa mwili na wingi wa misuli, matumizi ya nguvu hayabadiliki sana kati ya umri wa miaka 20 na 60. Baada ya hapo ndipo yanapoanza kushuka polepole. Kwa hiyo mtu wa makamo anayeona kiuno kinapanuka achunguze kwanza mambo mengine: saa anazokaa kitako, misuli iliyopungua kwa kutotumika, ujazo wa sahani, vikombe vya vinywaji vitamu na usingizi uliokatika.

Jambo la tatu limetoka hapa hapa nyumbani. Mwaka 2012 watafiti walichapisha vipimo vya Wahadzabe, ndugu zetu waishio kando ya Ziwa Eyasi kwa kuwinda, kurina asali na kuchimba mizizi. Wahadzabe hutembea na kufanya kazi za mwili kila siku kupita wengi wetu. Ilidhaniwa kuwa matumizi yao ya nguvu kwa siku yangekuwa makubwa mno kuliko ya wakazi wa miji ya Marekani na Ulaya. Haikuwa hivyo. Ukilinganisha kwa ukubwa wa mwili, matumizi yalikaribiana, kwa maana mwili hujirekebisha. Hata hivyo, Wahadzabe wamejulikana kwa uchache wa unene uliokithiri na wa magonjwa ya moyo. Funzo lake lina pande mbili. Kutembea si hati ya kula bila kipimo. Lakini faida ya kutembea hupita mbali zaidi ya ile inayoonekana kwenye mizani.

Sukari iliyojificha kikombeni

Tuanze na chai. Kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa huchukua takriban gramu 4 za sukari. Mtu anywaye vikombe vitatu kwa siku, vijiko vitatu katika kila kikombe, amekunywa vijiko tisa, yaani gramu 36. Adhuhuri akanywa soda ya mililita 300. Ikiwa lebo yaonyesha gramu 11 za sukari kwa kila mililita 100, chupa hiyo ina gramu 33, zaidi ya vijiko vinane. Jumla imepita vijiko 17 kabla hatujahesabu maandazi, biskuti wala sharubati.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 unashauri kuwa sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya asali na ya juisi, isifike asilimia 10 ya nguvu zote tunazozipata kwa siku. Kwa mtu mzima anayehitaji kilokalori 2,000, hizo ni gramu 50, kama vijiko 12. Shirika hilo linaongeza kuwa kushuka hadi vijiko sita kungekuwa bora zaidi. Tunda zima halimo katika hesabu hii, kwa kuwa nyuzinyuzi zake huichelewesha sukari isiingie kwenye damu kwa kishindo. Embe lililotafunwa na sharubati ya embe iliyochujwa havifanani mwilini.

Hatusemi mtu aache chai yake. Tunasema apunguze nusu kijiko kwa kila kikombe, azoee kwa wiki mbili, kisha apunguze tena. Ulimi hufundishika. Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba hukipunguza pia.

Sahani

Kipimo chepesi ni macho yenyewe. Nusu ya sahani iwe mboga na matunda. Robo iwe ugali, wali, ndizi au viazi. Robo iliyobaki iwe maharage, kunde, choroko, dengu, dagaa, samaki, mayai au nyama. Katika meza nyingi hali ni kinyume: ugali umejaa sahani nzima na mboga imewekwa pembeni kama mgeni.

Vyakula vya kujenga mwili vina faida mbili kwa umetaboli. Kwanza, hujenga na kulinda misuli, nayo misuli ndiyo ghala kubwa linalopokea sukari baada ya mlo. Pili, mwili hutumia nguvu nyingi zaidi kuvisaga: kati ya asilimia 20 na 30 ya nguvu zilizomo ndani yake, ilhali kwa mafuta ni asilimia chache tu. Maharage na dagaa havitangazwi kuwa vyakula vya kuamsha umetaboli, lakini kazi hiyo vinaifanya, na bei yake haifiki ile ya kopo la unga wa kupunguza mwili.

Mafuta ya kupikia tuyapime kwa kijiko, tusiyamimine kutoka kwenye dumu. Gramu moja ya mafuta ina kilokalori tisa, zaidi ya mara mbili ya gramu moja ya wanga. Kijiko kimoja cha mezani kina takriban kilokalori 120.

Dona tulipendelee kuliko sembe iliyokobolewa mpaka ikawa nyeupe pe, kwa kuwa kukoboa huondoa nyuzinyuzi na virutubisho. Ila liwepo sharti moja: mahindi yawe yamekaushwa vizuri na hayana ukungu. Ukungu huweza kuzaa sumukuvu, nayo hushambulia ini, kiungo kilichobeba sehemu kubwa ya kazi za umetaboli. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa sababu ya sumu hiyo. Mahindi yenye ukungu yasisagwe kwa matumaini kuwa moto wa jikoni utayasafisha; upishi wa kawaida hauimalizi sumukuvu.

Chumvi yenye madini joto

Shingoni mwetu mna tezi ndogo inayotoa homoni zinazoamuru kasi ya umetaboli. Tezi hiyo haiwezi kazi yake bila madini joto. Yakikosekana, huvimba na kuwa rovu, na mtu huweza kuwa mchovu, mwenye kuhisi baridi na kuongezeka uzito. Kwa mama mjamzito hatari ni kubwa zaidi, kwani ubongo wa mtoto aliye tumboni huyategemea madini hayo.

Basi tununue chumvi iliyofungwa na kuandikwa kuwa ina madini joto, tuiweke katika chombo chenye kifuniko, mbali na jua, unyevu na joto la jiko, na tuitie mwishoni mwa mapishi. Lakini kiasi kisizidi gramu 5 kwa mtu mzima kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, pamoja na chumvi iliyo tayari ndani ya vyakula vya viwandani. Kuongeza chumvi hakuongezi kasi ya umetaboli. Huongeza shinikizo la damu.

Mwendo na usingizi

Mtu mzima anahitaji angalau dakika 150 kwa wiki za shughuli inayomfanya apumue kwa haraka kiasi: nusu saa, siku tano. Huhitaji kulipia chumba cha mazoezi. Kushuka kituo kimoja kabla ya kile cha nyumbani, kulima bustani, kuchota maji na kuendesha baiskeli, vyote vimo. Angalau siku mbili kwa wiki tuifanyishe misuli kazi nzito zaidi, kama kuchuchumaa na kuinuka mara nyingi, au kubeba mizigo kwa uangalifu.

Wakati mzuri wa kutembea ni baada ya kula. Misuli inayofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu, hivyo dakika 10 hadi 15 za matembezi baada ya chakula cha jioni husaidia sukari isipande sana. Anayetumia insulini au dawa nyingine za kisukari azungumze kwanza na mhudumu wa afya, ili sukari isishuke kupita kiasi. Kwa wale ambao kazi yao ni ya kukaa, iwe mashine ya cherehani, usukani wa daladala au meza ya ofisi, tunashauri wasimame na kujinyoosha kila baada ya nusu saa au saa moja.

Usingizi nao ni sehemu ya mlo. Mtu mzima anahitaji saa saba au zaidi. Akikatishwa usingizi siku baada ya siku, homoni za njaa huvurugika, hamu ya vitu vitamu na vya mafuta huongezeka, na mwili huitikia insulini kwa uzito. Simu inayotuuzia chai ya kupunguza tumbo saa sita ya usiku ndiyo hiyo hiyo inayotunyang'anya usingizi ambao ungelisaidia tumbo hilo.

Kizuri chajiuza

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Tuzitazame bidhaa tatu zinazojitembeza.

Ya kwanza ni chai ya kupunguza mwili. Nyingi huwa na sanamaki, jani la kuharisha linalojulikana tangu zama za kale. Sanamaki hufanya kazi kwenye utumbo mpana, ilhali nguvu za chakula zimekwisha kufyonzwa kwenye utumbo mwembamba. Kinachotoka ni maji na choo. Mizani hushuka asubuhi, na hupanda tena mtu akinywa maji. Akiendelea kwa wiki nyingi, hupoteza chumvichumvi ambazo moyo unazihitaji ili upige sawasawa.

Ya pili ni kidonge kinachoitwa cha mimea asilia. Dawa iitwayo sibutramini iliwahi kutumika kupunguza uzito, ikaondolewa katika masoko ya Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa kuwa iliongeza hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Tangu hapo mamlaka za nchi mbalimbali zimeikuta mara nyingi imefichwa ndani ya vidonge vilivyoandikwa kuwa ni mimea mitupu. Bidhaa ya asilia ikikukatia njaa kwa siku moja na kukufanya moyo uende mbio, usifurahi. Jiulize kilichomo.

Ya tatu ni maji ya ndimu, tangawizi au mdalasini yanayouzwa kwa bei ya dawa. Ni viungo vizuri vya jikoni, lakini haviyeyushi mafuta ya mwili. Ndimu tuikamue kwenye samaki.

Tunaongeza neno kuhusu kujinyima chakula ghafla. Mwili usiopata chakula cha kutosha hubana matumizi yake, na hula misuli yake pamoja na mafuta. Mlo wa kawaida ukirudi, uzito hurejea, lakini misuli hairejei upesi hivyo. Mwenda pole hajikwai.

Haki zako mbele ya muuzaji

Tarehe 15 Machi kila mwaka ni Siku ya Haki za Mlaji Duniani. Tarehe hiyo hukumbusha ujumbe wa Rais John F. Kennedy kwa Bunge la Marekani mwaka 1962, alipotaja haki nne: usalama, taarifa, uchaguzi na kusikilizwa. Tuzitumie kama vipimo vinne tunaponunua chochote kinachogusa afya.

Usalama: je, bidhaa imesajiliwa? Tangu mwaka 2019 usalama wa vyakula vilivyofungwa husimamiwa na Shirika la Viwango Tanzania, na dawa husimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Tiba asili nayo ina baraza lake.

Taarifa: je, lebo ina jina la mtengenezaji, anwani, viambato, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi, kwa lugha unayoielewa? Viambato hupangwa kwa uzito, kilichozidi kikitangulia. Sukari ikisomeka ya kwanza au ya pili, hiyo ni bidhaa ya sukari hata kama picha yake ni ya matunda.

Uchaguzi: je, umepewa nafasi ya kufikiri, au umeambiwa ofa inaisha leo? Jambo la afya lenye haraka ya namna hiyo aghalabu ni la mfuko wa muuzaji.

Kusikilizwa: dai risiti, tunza kopo na kifungashio, hifadhi tangazo na ujumbe wa simu. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na Tume ya Ushindani hupokea malalamiko. Bila risiti na kifungashio, lalamiko la haki hubaki kuwa neno lako dhidi ya neno la muuzaji. Ukidhurika, nenda kituo cha afya kwanza ukiwa na bidhaa yenyewe mkononi, ili mhudumu ajue ulichomeza.

Na ombi letu zito kuliko yote: dawa uliyoandikiwa usiiache kwa sababu ya tangazo, wala kwa sababu umeanza kula vizuri na kutembea. Mazoea mema huenda yakamfanya daktari apunguze dozi. Uamuzi huo ni wake pamoja nawe, baada ya vipimo.

Vipimo navyo ni haki ya kila mmoja. Chukua futi ya fundi cherehani, pima kiuno: mwanamume akizidi sentimita 94, au mwanamke asiye mjamzito akizidi 80, ni ishara ya kwenda kupima sukari na shinikizo la damu. Kisukari na shinikizo la damu huweza kukaa mwilini miaka mingi bila maumivu, na asiyepima hujua siku figo, macho au mshipa wa ubongo ulipokwisha kudhurika.

Ndugu wananchi, hatukuwaletea orodha ili kila mtu aitimize kesho asubuhi. Tunaomba kila kaya ichague jambo moja wiki hii: nusu kijiko cha sukari, mboga ijaze nusu ya sahani, matembezi baada ya chakula cha jioni, au safari moja ya kupima. Likizoeleka, liongezwe la pili. Hakuna kati ya hayo linalouzwa kwenye kopo, na hakuna atakayekupigia simu kukushawishi, kwa kuwa hakuna anayepata faida isipokuwa wewe na watu wako.

Sasa ni zamu yenu kuuliza.